Damu inayotoka kwenye mishipa iliyovimba ya utumbo mwembamba: ami yangu atibiwe kwa njia gani?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum. Naomba kusaidiwa kuelewa jambo ambalo limetusumbua nyumbani kwa miezi minne sasa, na ninawaomba watakaojibu wajibu kwa yale wanayoyajua kwa hakika, kwa kuwa siku ya kuamua imekaribia.

Ami yangu ana umri wa miaka 58. Ni fundi wa majahazi kule Matondoni, hanywi pombe wala havuti sigara. Maradhi yalianza kwa choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali isiyofanana na harufu ya choo cha kila siku, kisha akawa hawezi kupanda ngazi za nyumba bila kusimama katikati na kuushika ukuta. Hakutapika damu hata mara moja. Tulimpeleka hospitali moja nje ya kisiwa, himoglobini, yaani wingi wa damu mwilini, ikapimwa ikaonekana ni 6.1, akaongezewa damu, kisha akaingizwa kamera kupitia mdomoni. Tuliambiwa kwamba umio una mishipa midogo isiyotoa damu, tumbo halina kidonda, na pengine kilikuwepo kidonda ambacho kimekwisha kupona. Tukapewa omeprazoli tukarudi nyumbani.

Baada ya wiki tano damu ilirudi kwa nguvu zaidi, nyekundu iliyoiva ikiwa imechanganyika na nyeusi, na shinikizo lake la damu likashuka hadi 80 kwa 50. Safari hii daktari mwingine aliagiza CT skani, na ripoti ikasema kwamba ini limesinyaa na lina makovu, wengu umefika sentimita 17, na kuna mishipa iliyovimba katika sehemu ya tatu ya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Alipopimwa homa ya ini aina B alikutwa nayo, jambo ambalo hakuna mtu yeyote kwetu aliyekuwa akilijua.

Sasa tumeelezwa njia mbili. Ya kwanza ni kuidunga ile mishipa gundi kwa kutumia kamera, na ya pili ni kuwekewa paipu ndani ya ini huko Nairobi, ambayo gharama yake ni kubwa kwetu. Ami mwenyewe alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama gundi hiyo ni mfano wa kalafati, ile pamba anayoishindilia kwa patasi katikati ya mbao ili maji yasiingie. Daktari alimjibu kuwa ndivyo, naye ami akauliza tena: "Na kama bahari bado inasukuma, si itapenya ubao wa pili?" Swali hilo halikujibiwa, na ndilo lililonifanya niandike hapa. Ningependa pia kujua kwa nini kamera ya kwanza haikuona kitu, na tufanye nini ikiwa damu itatoka usiku nasi tuko kisiwani.

Muuguzi Mstaafu (Lamu)

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla wataalamu hawajaingia, naomba unijibu jambo moja: je, ami yako hutumia diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa ajili ya mgongo? Nauliza kwa sababu katika miaka yangu ya wodini sikumbuki fundi wa majahazi ambaye hakuwa na kipakiti cha diklofenaki mfukoni mwa shati. Kazi ya kuinama juu ya mkuku kutwa nzima huumiza mgongo, na vidonge hivyo huuzwa dukani bila cheti. Kwa mtu mwenye ini la makovu dawa hizo huongeza uwezekano wa kutoka damu na huziumiza figo, kwa hiyo kama anazo, zitolewe leo.

Jambo la pili ni dogo lakini huwachanganya watu wengi. Ikiwa amepewa vidonge vya madini ya chuma baada ya kuongezewa damu, choo kitakuwa cheusi hata kama hakuna damu. Choo cha madini ya chuma huwa kikavu au cha kawaida kwa umbile, wakati choo cha damu hunata kwenye sinki, huteleza, na harufu yake huijua aliyekwisha kuisikia. Akipata choo cheusi pamoja na kizunguzungu, jasho baridi au moyo kwenda mbio, msikae kubishana kuhusu rangi.

Nitarudi kuandika kuhusu safari ya usiku.

Tabibu wa Ndani (Malindi)

Ndugu Mwana wa Langoni, swali la ami yako ndilo swali lenyewe, na ninasikitika kwamba halikujibiwa pale pale.

Damu yote inayotoka katika tumbo, utumbo, kongosho na wengu hukusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa unaoingia katika ini, ambao tunauita mshipa wa lango. Ini likijaa makovu, damu hiyo hupata taabu kupita na shinikizo hupanda. Kwa mtu mzima wa afya tofauti ya shinikizo kati ya upande wa kuingia na upande wa kutoka haizidi milimita 5 za zebaki. Ikifika 10 mishipa ya pembeni huanza kutanuka, na ikifika 12 ile ya umio inaweza kupasuka. Damu hufanya kama afanyavyo mtu anayekuta Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa Lamu, umezibwa na punda waliobeba mawe: huingia vichochoroni. Mara nyingi vichochoro hivyo huwa kwenye umio na sehemu ya juu ya tumbo, na ndiyo maana madaktari huanza kutazama huko. Inakadiriwa kwamba asilimia 1 hadi 5 tu ya damu itokanayo na mishipa ya namna hii hutoka mahali pengine, na duodeni ni mojawapo ya mahali hapo.

Kuhusu kamera ya kwanza, kifaa cha kawaida cha kupita mdomoni hufika sehemu ya pili ya duodeni na kuishia hapo, ilhali mishipa ya ami yako iko sehemu ya tatu. Zaidi ya hayo, mtu aliyepoteza damu nyingi shinikizo lake hushuka, mishipa ikanywea, na mtazamaji akapita juu yake akidhani ni mikunjo ya utumbo. Hilo naweza kulielewa. Lisiloniridhisha ni kwamba ripoti ile ilikuwa na jibu ndani yake: umio wenye mishipa iliyovimba, hata ikiwa midogo, ni dalili kwamba ini linapaswa kuchunguzwa, na mgonjwa hakupaswa kurudi nyumbani na omeprazoli peke yake. Dawa hiyo hupunguza asidi. Haishushi shinikizo la mshipa wa lango hata chembe.

Sasa tuje kwenye tiba. Damu inapokuwa inatoka, mambo matatu hufanywa kabla hata ya kufikiria gundi. Mgonjwa hupewa dawa ya kubana mishipa ya tumboni, ama oktreotaidi ambayo huanza kwa maikrogramu 50 kisha huendelea kwa maikrogramu 50 kila saa kwa siku 2 hadi 5, ama terlipresini. Hupewa antibiotiki, mara nyingi seftriaksoni gramu 1 kwa siku kwa muda usiozidi siku 7, kwa kuwa wagonjwa wa ini wanaotoka damu hushambuliwa kwa urahisi na bakteria na wengi hufa kwa maambukizi hayo baada ya damu yenyewe kukoma. Kisha huongezewa damu kwa kipimo. Hili la mwisho familia nyingi hulipinga, kwa sababu zinaona kwamba damu ikiwa nyingi ndiyo bora, lakini damu inayozidi hupandisha shinikizo katika mshipa wa lango na kuufungua upya mshipa uliokuwa umeanza kuziba. Utafiti uliofanywa Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa 921 waliotoka damu tumboni, ulionyesha kwamba waliosubiriwa mpaka himoglobini ishuke chini ya 7 ndipo waongezewe waliishi kwa wingi zaidi kuliko walioongezewa ilipokuwa chini ya 9. Kwa hiyo mkiona daktari anasimama kwenye 7 au 8, msidhani anabania damu.

Baada ya hapo ndipo mshipa wenyewe hushughulikiwa. Kwenye umio tumezoea kuufunga kwa mpira mdogo, lakini katika duodeni mimi huogopa njia hiyo, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba, mshipa mara nyingi ni mpana kiasi kwamba hauingii wote ndani ya kifaa cha kufungia, na mpira ukidondoka baada ya siku chache huacha kidonda juu ya mshipa ulio wazi nusu. Gundi ya sianoakrileti ni bora zaidi hapo. Inapokutana na damu huganda kwa sekunde chache na kuujaza mshipa kutoka ndani. Hatari yake ni kwamba kipande cha gundi kinaweza kusafiri na damu hadi mapafuni, ndiyo sababu inatakiwa idungwe na mkono uliozoea, na kwa kuwa mishipa iko sehemu ya tatu, ulizeni waziwazi kama hospitali hiyo ina kamera ndefu inayofika huko.

Gundi huziba tundu. Bahari, kama alivyosema ami, bado inasukuma. Paipu ya ndani ya ini ndiyo inayopunguza msukumo: daktari huingia kwa mshipa wa shingo, hushuka hadi kwenye mshipa unaoiondoa damu kutoka ndani ya ini, hutoboa nyama ya ini mpaka kwenye mshipa wa lango, kisha huweka bomba la waya lililofunikwa ili damu ipite moja kwa moja. Kazi hii kwa kutumia bomba la waya ilianza Ujerumani mwaka 1988 na imeokoa watu wengi. Nayo ina gharama yake mwilini, kwa sababu damu inayolikwepa ini haisafishwi, na baadhi ya wagonjwa huanza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, au kusahau majina ya watoto wao. Mwenye moyo dhaifu au manjano makali hafai kuwekewa. Na kwa mishipa ya duodeni kuna jambo la pekee: hupasuka hata shinikizo likiwa chini ya 12, kwa hiyo mara nyingi paipu peke yake haitoshi, na inafaa daktari azibe mishipa yenyewe katika kikao hicho hicho.

Ipo njia ya tatu iliyokuzwa zaidi Japani, ambapo puto dogo huziba njia ya kutokea ya mishipa hiyo kisha dawa ya kuikausha ikamiminwa nyuma yake. Haihitaji kulitoboa ini, lakini hupandisha shinikizo kwingine, na mishipa ya umio inaweza kukua baadaye. Upasuaji wa kukata kipande cha utumbo ni wa mwisho kabisa.

Kabla sijasema ipi inamfaa ami yako, tafadhali isome tena ripoti ya CT na unieleze inasema nini kuhusu mshipa wa lango: uko wazi, umepungua, au una damu iliyoganda?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Nakushukuru sana, tabibu. Nimeisoma mara tatu. Kuna mstari ukurasa wa pili ambao hakuna aliyetusomea, unaosema kwamba mshipa wa lango una damu iliyoganda ya muda mrefu inayoziba sehemu ya upana wake. Na muuguzi, amekisia kweli: shangazi amekuta pakiti mbili za diklofenaki ndani ya sanduku la misumari.

Tabibu wa Ndani (Malindi)

Mstari huo unabadilisha mazungumzo. Mshipa wa lango ukiziba, mishipa ya nje ya umio huwa mingi zaidi. Kwa wagonjwa ambao lango lao limezibika nje ya ini, damu ya mahali pasipo pa kawaida inaweza kufikia asilimia 20 hadi 30. Kwa upande wa tiba, paipu inawezekana pale ambapo mziba haujajaza upana wote, ila kazi ni ngumu zaidi na inafaa ifanywe na mtu aliyekwisha kukutana na hali hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba gundi itangulie kama ulinzi wa karibu, mkiwa tayari mmekubaliana na timu ya Nairobi kuhusu hatua ya pili, badala ya kusubiri mpaka damu itoke kwa mara ya tatu.

Waombeni wajibu swali moja zaidi: je, kilichoziba ni damu tupu au ni uvimbe wa saratani ulioota ndani ya mshipa? Homa ya ini aina B huleta saratani ya ini, na saratani hiyo hupenda kuingia katika mshipa wa lango. Picha iliyopigwa kwa hatua, pamoja na dawa ya kung'arisha mishipa, huonyesha kama mziba unanywa dawa hiyo mapema. Ukinywa, huo si damu tupu. Kipimo cha damu cha alfa-fetoproteini husaidia. Sisemi haya ili kuwatia hofu. Jibu la swali hili huamua kama paipu ina maana au haina.

Mtasikia pia watu wakitaja dawa ya kuzuia damu kuganda. Inashangaza kumpa dawa hiyo mtu anayetoka damu, lakini mshipa ukishafungwa vizuri huweza kufikiriwa, kwa uangalizi wa karibu. Propranololi au kavediloli hushusha shinikizo la mshipa wa lango, ingawa ushahidi wake umejengwa zaidi juu ya mishipa ya umio, na haianzwi wakati shinikizo la damu liko 80.

Tenofovia, dawa ya kutuliza virusi vya homa ya ini aina B, aanze sasa ikiwa bado hajaanza, na asiikatize hata akijisikia mzima, kwa kuwa virusi vikirudi ghafla ini lake halina akiba ya kustahimili. Virusi vikitulizwa kwa miaka, makovu yenyewe yanaweza kupungua, na hapo ndipo msukumo wa bahari hupungua kweli. Shangazi na watoto wapimwe. Wasio na virusi wala kinga wachanjwe dozi 3 katika muda wa miezi 6. Kenya iliingiza chanjo hii kwa watoto wachanga mwaka 2001, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata.

Mtu mmoja ameniandikia kando akiuliza kama hii si kichocho. Kichocho cha pwani yetu ni kile cha kibofu, kinachotoa damu kwenye mkojo. Kinacholiumiza ini na kupandisha shinikizo la lango ni cha matumbo, ambacho kwa Kenya kiko zaidi Mwea na kandokando ya Ziwa Viktoria. Kama ami alifanya kazi huko ujanani, mwambieni daktari.

Kuhusu habasoda na asali ambazo jamaa humshauri kila mgonjwa, vijiko vya chakula havinisumbui. Mizizi na magome yaliyochemshwa ambayo hatujui yana nini, hapana.

Mama wa Shella (Malindi)

Poleni sana. Nina mwana wa kiume ambaye lango lake lilizibika tangu utotoni. Daktari alisema huenda ni kwa sababu kitovu chake kilipata usaha alipokuwa na siku chache. Ini lake ni zima, lakini alitapika damu akiwa na miaka 6. Sasa ana miaka 15 baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuunganisha mshipa wa wengu na wa figo, na anasoma vizuri.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia. Mwendapo Nairobi, nendeni na watu wa kutoa damu, na chukueni CD ya picha za CT, si karatasi ya ripoti peke yake. Mimi nilikwenda na karatasi, wakataka kuona picha, ikabidi apigwe upya na tulipe upya. Ulizeni mapema kibali cha Mamlaka ya Afya ya Jamii, maana tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa, mwezi wa Oktoba 2024 masharti yamebadilika.

Muuguzi Mstaafu (Lamu)

Nimerudi, kama nilivyoahidi. Mpaka atibiwe, ami yako asilale Matondoni. Maji yakipwa, mashua hukaa juu ya tope na mikoko imeizunguka, na nimewahi kumsubiri mama mjamzito saa nzima hadi maji yajae. Alale kwenu Langoni, karibu na gati. Wekeni simu za manahodha wawili, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa ameizima.

Damu ikitoka, asipewe chakula wala maziwa. Alazwe ubavu wa kushoto, miguu iinuliwe ikiwa anazimia. Mpitisheni kwanza hospitali ya King Fahd hapa Lamu awekewe sindano mbili nene za dripu kabla ya kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kwani mishipa ya mkono ikishanywea hakuna atakayeipata ndani ya boti inayorukaruka. Ombeni aanzishiwe antibiotiki hapo hapo, na karatasi iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ana mishipa iliyovimba katika sehemu ya tatu ya duodeni. Bila mstari huo, atakayempokea usiku Malindi au Mombasa ataandika vidonda vya tumbo, na mtaanza upya.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Ami amehamia kwetu tangu jana. Tumempata daktari wa Mombasa mwenye kamera ndefu, na amesema atazitazama picha pamoja na wenzake wa Nairobi kabla ya kudunga gundi. Nimemtumia CD kwa basi la asubuhi kutoka Mokowe. Damu ya alfa-fetoproteini imechukuliwa leo. Shangazi na watoto wanne wamepimwa: mtoto wa pili amekutwa na virusi, wengine wataanza chanjo Jumatatu.

Nilimsomea ami jibu la tabibu kuhusu msukumo wa bahari. Alinyamaza, kisha akaniambia nimletee kile kidonge cha tenofovia, na nikifunge chupa yake kwa kamba kwenye mguu wa kitanda asije akakisahau.